Tumbo la Kioo

Tumbo la kwanza lilipasuka ndani ya tanuri la chuo kikuu, na mwenye tumbo hakupewa habari na mke wake. Alipewa na mwanafunzi wake wa udereva, kwenye makutano ya barabara, taa zikiwa nyekundu.

"Pole, mwalimu," alisema binti aliyeshika usukani. "Nasikia umepasuka."

"Nimepasuka nini?"

"Tumbo. Lile la kwenye bango."

Mwalimu huyo watu walimwita Breki, kwa sababu ndilo neno alilolitamka kuliko yote maishani mwake, pengine kuliko hata jina la mkewe. Alikuwa mtu mnene wa kiasi, msafi, mwenye kupenda kuheshimiwa ndani ya gari lake lenye kibao cha mafunzo juu ya paa. Habari za tumbo lake alijua ni siri ya watu wawili. Alimgeukia binti polepole.

"Bango gani?"

Binti alikuwa mwanafunzi wa sheria katika chuo hichohicho alichosoma mke wa Breki. Alitoa simu, akatafuta, akamwonesha. Breki akaliona tumbo lake, limetengenezwa kwa nta ya rangi ya maziwa, limekaa juu ya meza nyeusi kama keki. Juu yake yameandikwa maneno makubwa: MUME WANGU AKIPUMZIKA. Chini yake: maonesho ya wahitimu wa Vioo vya Rangi, Kalibu na Kumimina, nyote mnakaribishwa.

"Umejuaje kuwa ni mimi?"

"Chuo kizima tunajua, mwalimu. Shangazi anasema mwenyewe. Anakusifu sana."

Taa zikawa kijani. Nyuma yao magari yakaanza kupiga honi, lakini mwalimu wa udereva alikuwa ameikanyaga ile pedali ya breki ya upande wa mwalimu na hana habari.

*

Huyo aliyeitwa Shangazi na wanafunzi wenzake alikuwa mwanamke aliyetengeneza meno ya bandia kwa muda mrefu katika zahanati ya daktari wa meno, mpaka daktari alipoleta mashine inayoyachonga yenyewe. Katika umri ambao wenzake walikuwa wakingoja wajukuu, yeye alijaza fomu ya chuo kikuu. Mumewe aliwaambia watu kwamba anasomea mambo ya viwanda. Haukuwa uongo mtupu, tanuri lilikuwepo.

Mwaka wa kwanza alijifunza kukata vioo vya rangi na kuviunga kwa vipande vya madini ya risasi, na zoezi lake la kwanza likawekwa kwenye dirisha la choo cha nyumbani, kwa kuwa ndilo dirisha pekee lililolingana nalo. Tangu hapo Breki alipokaa humo asubuhi, goti moja lilikuwa jekundu na lingine la kijani, na hakuwahi kulalamika. Mwaka wa pili alijifunza kalibu, kuchukua umbo la kitu kwa plasta. Nyumba ikajaa mikono ya plasta, masikio ya plasta, na mguu mmoja ambao mama yake Breki aliutumia kuzuia mlango usijifunge. Mwaka wa tatu akasema anahitaji tumbo.

"La nini?" aliuliza Breki wakati ule.

"La mtihani."

Na Breki, akijua kwamba karatasi za mtihani huishia jalalani, akavua shati, akajilaza mkekani.

Sasa alisimama mlangoni mwa jikoni, funguo za gari mkononi, akimtazama mkewe akisugua kucha.

"Kwa hiyo nimebandikwa ukutani," alisema.

Mkewe hakugeuka. "Nani kakwambia?"

"Mwanafunzi wangu. Nikiwa kazini. Kanipa pole kama mtu aliyefiwa."

"Basi ameshakwambia pia kwamba limepasuka."

"Hilo ndilo la kunifurahisha peke yake. Liache hivyohivyo."

Mkewe akafunga bomba. "Siwezi kuliacha. Ndiyo kazi yangu ya mwisho. Nisipoiwasilisha sihitimu. Nahitaji jingine, na siku zimebaki chache."

"Katafute mwanamume mwingine."

"Unasikia unachokisema?"

"Tumbo la mwanamume mwingine, nasema. Wamejaa mjini. Mimi nina watu wananiheshimu. Nikimwambia mtoto wa mtu asimamishe gari, anasimamisha. Kesho nikimwambia, atakuwa anawaza kitovu changu."

Mama yake Breki alikuwa sebuleni akijifanya hasikii. Bibi huyu alikuwa na meno ya bandia aliyotengenezewa na mkwewe, na alipotaka kusema jambo zito aliyagonga kwanza. Yakagongana.

"Hilo tumbo nimelizaa mimi," alisema. "Ruhusa natoa mimi. Mkwe, lichukue."

"Mama, hili halikuhusu."

"Halinihusu? Nani alilijaza maziwa? Umelikuta dukani?"

Breki akaona nyumba nzima imemgeuka. Akasema neno ambalo alilijutia likiwa bado mdomoni: kwamba mwanamke mwenye akili zake achague, kile chuo cha kuchezea matope au ndoa yake.

Mkewe akafuta mikono, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nikimaliza mtihani nitachagua," alisema. "Kwa sasa sina nafasi."

Akachukua mto, akahamia chumba cha mama mkwe.

*

Nyumba yenye wanawake wawili wanaocheka chumba cha pili ni mahali pagumu pa kununia. Breki alijaribu. Alikula kimya, akaosha sahani yake kwa vishindo, akapiga pasi shati lake mwenyewe akaliunguza kola. Asubuhi alipita sebuleni kifua mbele. Hakuna aliyemwuliza kitu. Kazini hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana wanafunzi wake sasa walikuwa na adabu isiyo ya kawaida, adabu ya watu wanaojua jambo. Mmoja alimwuliza kama mkanda wa kiti haumbani.

Hatimaye alipiga moyo konde, akavaa koti, akaenda chuoni kumwona mwalimu wa mkewe. Hotuba aliitunga njiani. Ilikuwa na maneno kama "faragha" na "baba wa familia."

Mlinzi wa geti alimsimamisha. "Unakwenda idara gani, mzee?"

"Ya vioo."

Mlinzi akamwangalia, macho yakashuka, yakapanda. "Wewe ndiye mwenye tumbo? Pita. Jengo la nyuma, fuata kelele za kusaga."

Karakana ilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha ya juu na vumbi jeupe kila mahali, kama kinu cha unga. Vijana waliovaa miwani ya kazi walikuwa wakivunjavunja kalibu kutoa vitu ndani: kengele ya shaba nyeusi, samaki wa kioo asiye na mkia. Kwenye meza iliyo karibu na mlango kulikuwa na vipande vya kioo kinene vya rangi ya asali, vimepangwa kwa uangalifu. Breki akavitambua kwa mkunjo. Alikuwa amekwenda vipande vipande, na mtu fulani alikuwa amembandikia vibandiko.

Mkewe alikuwa amempa mgongo, kando ya mwanamke kijana aliyefunga aproni. Huyo ndiye alikuwa mwalimu mwenyewe. Breki alikuwa na viatu vilivyomzidi umri.

Mbele yao lilikuwa limetandazwa bango lenye picha ya lile tumbo la nta.

"Kupasuka tumeshalimaliza," mwalimu alikuwa akisema. "Ulifungua tanuri mapema. Kioo kinene hivi kinataka kupoa kwa siku nyingi, wewe ukashikwa na hamu. Hilo linamtokea kila mtu. Mimi nauliza jingine, Shangazi. Hapa palikuwa na nini?"

"Kovu. Alipasuliwa ngiri."

"Liko wapi?"

"Nimelijaza nta."

"Na kitovu?"

"Kilikuwa kimekwenda upande. Nimekirudisha katikati."

"Na hapa chini?"

"Nimepunguza."

"Kiasi gani?"

Mkewe Breki alishika kisu kidogo cha kuchongea nta, kilekile alichokuwa akikitumia zahanati, akakizungusha vidoleni. "Mwalimu, mimi nimetoka kwenye meno. Mtu akikuletea taya bovu, humrudishii bovu."

"Huko ulimsaidia mtu atafune. Huyu atatafuna nini kwa tumbo?" Mwalimu alipitisha kidole gumba kwenye picha. "Kazi yako ni safi mno. Katika darasa hili hakuna mwenye mkono kama wako, na ndiyo inayoniudhi. Hili ni tumbo la mtu yeyote. Huyo mume umeandika jina lake tu, ndani hayumo."

Breki alikuja na hotuba, lakini hotuba haikupata nafasi. Alijisikia akisema, kwa sauti iliyowafanya vijana wazime mashine:

"Kwani lile langu lilikuwa na ubaya gani?"

*

Wakakaa nje kwenye benchi, karibu na mapipa ya plasta iliyokwisha kutumika. Dirishani vijana walijifanya wanafuta vioo.

"Umefuata nini?" mkewe aliuliza.

"Nilikuja kudai bango liondolewe."

"Litaondolewa. Hakuna kazi ya kuonesha. Umefurahi?"

Breki alikuwa akizichunguza ncha za viatu vyake vilivyogeuka vyeupe. "Siku ile niliyooneshwa picha, kabla hasira haijanipanda, nilijisemea moyoni, mbona si baya. Nikadhani ni mambo ya taa. Nikasema labda mke wangu ananiona hivi." Akasafisha koo. "Kumbe ulikaa na kisu ukaniondoa."

"Nilidhani nikikutengeneza utafurahi."

"Ningefurahi. Ndiyo maana naudhika."

"Sikutaka wakucheke."

"Wananicheka tayari. Mlinzi wa getini ananicheka. Sasa nachekwa kwa tumbo la mtu mwingine." Akageuka kumtazama. "Niambie ukweli. Uliwaogopa wao tu, au na wewe ulinionea haya?"

Ingekuwa rahisi kusema hapana, na Breki alikuwa ameshaitayarisha shingo kuipokea hiyo hapana.

"Na mimi," mkewe alisema. "Kidogo. Niko na watoto wenye viuno kama penseli, kila mmoja analeta kitu kizuri. Mimi naleta mume. Nilishika kisu nikasema naondoa uchafu wa plasta tu. Nikaondoa, nikaondoa. Sikujua pa kuishia."

Neno hilo lilimwingia Breki mahali palepale penye kovu. Alitaka kusimama aondoke, lakini benchi lilikuwa la chini na kunyanyuka kwake kungekuwa na kelele. Akabaki. Akafikiri kwamba katika miaka yao yote walikuwa wameambiana mengi kwa hasira, lakini hili aliambiwa kwa upole, na ndilo lililouma.

"Ungenidanganya," alisema mwishowe.

"Umesema nikwambie ukweli."

"Watu husema."

Mkewe akacheka kidogo, kisha hakucheka. Alikuwa akilia, vumbi jeupe likifanya matope mashavuni. Breki alitafuta leso, akakuta hana, akampa ncha ya koti.

"Hilo jingine unalitaka lini?" aliuliza.

"Nani kasema nalitaka?"

"Mama. Ameshatoa ruhusa. Lini?"

"Kesho."

"Kesho nina wanafunzi kutwa."

"Ukitoka kazini basi. Kabla hujaoga, kabla ya yote. Ukae kama unavyokaaga."

*

Kwa hiyo safari hii hakulazwa. Alikaa kwenye kiti chake, sebuleni, jua la alasiri likiingia, kifungo cha suruali kimeachiwa kama anavyokiachia kila siku akirudi. Kulala kunamficha mtu, mkewe alisema. Tumbo lote hukimbilia mgongoni. Mama yake alipewa kazi ya kumpaka mafuta ya mgando, akampaka kama anayepaka sufuria.

"Alizaliwa hivihivi," alimweleza mkwewe. "Mkunga alidhani ni pacha wawili."

"Mama."

"Ukaja mmoja. Tukakaa tukisubiri."

"Usicheke," mkewe alimwambia. "Ukicheka litajikunja."

Alichovya bendeji za plasta kwenye maji ya uvuguvugu, akazilaza moja juu ya moja. Zile za mara ya kwanza alizilaza kwa haraka ya mazoea. Hizi alizikandamiza taratibu, na alipofika kwenye kovu alituliza kidole gumba hapo, akaisukuma bendeji iingie kwenye bonde lake lote. Breki akatazama dari. Hakuwa ameshikwa hapo na mtu tangu kwa daktari.

Plasta ikaanza kuganda, nayo ikiganda hupata joto.

"Linawaka," alisema.

"Ndivyo linavyokuwa. Vumilia."

"Nahisi kama naiva."

"Ukiiva tutakuambia," alisema mama yake.

Walipoling'oa waligundua kwamba bibi alisahau kupaka mafuta upande wa kulia, kwenye nywele. Breki alitamka neno lake moja, lile ambalo wanafunzi hulisikia kutwa, kwa sauti iliyofika barabarani. Mkewe hakusimama. Kalibu ikatoka nzima, na ndani yake nywele kadhaa za mwenye mali.

Safari hii nta haikuguswa kisu. Mwalimu aliikagua akitafuta pa kukosoa, akasema, "Haya," na kwa mwalimu yule hayo yalikuwa maneno mengi. Kalibu ya kustahimili moto ikajengwa, nta ikayeyushwa ikatoka, kioo kikajazwa, tanuri likafungwa. Kisha ikaja ile kazi iliyomshinda mara ya kwanza, ya kungoja.

Hiyo akaisimamia Breki. Kila mkewe alipovaa viatu akasema anakwenda kuchungulia tu, yeye alisema atampeleka, akamwingiza kwenye gari la mafunzo, akampeleka kwa fundi viatu, kwa shangazi yake, kupima presha, kila mahali isipokuwa chuoni. Siku moja mkewe alishika usukani yeye mwenyewe akaelekea upande wa chuo. Breki akaikanyaga pedali yake ya breki katikati ya barabara tulivu, wakakaa hapo.

"Nitakuacha," mkewe alisema.

"Likishapoa."

*

Mtihani alifaulu, si kwa kishindo. Mtahini wa kutoka nje alisema kioo kimekuwa kinene upande mmoja, na palikuwa na povu la hewa karibu na ubavu ambalo halikutakiwa kuwepo. Zawadi ya mwaka ilikwenda kwa kengele ya shaba. Mwalimu alimwambia tu kwamba safari hii amemwona mtu, na kwamba angependa kumwazima kwa ajili ya darasa la mwaka ujao. Shangazi akajibu kwamba mwenyewe ana shughuli nyingi.

Siku ya maonesho tumbo liliwekwa kwenye kibweta cheupe, taa chini yake, likawa na rangi ya chai iliyokolea pembeni na asali katikati. Kitovu kilikuwa upande. Kovu lilikuwepo, na mwanga ulikusanyika humo. Lilikaa kwa uzito wa mtu aliyefika nyumbani na hatoki tena leo.

Wanafunzi wa udereva walikuja wote, pamoja na waliofeli. Yule binti wa sheria alizunguka kibweta mara mbili, akasema, "Mwalimu, bila kukuvunjia heshima, hili ni kubwa kuliko la kwenye bango." Breki akamwambia gari haliegeshwi kwa kutazama bango. Watu walicheka, na yeye akasimama pale kwa koti lake, uso umemshuka kidogo, akitabasamu kama mtu aliyekaa juu ya kitu chenye ncha. Mama yake, aliyepewa kiti, alimweleza kila apitaye habari za pacha.

Baadaye ukumbi ukapungua. Mwanamke mmoja wa makamo, ambaye hakuna aliyemjua, alibaki mbele ya kibweta, mkoba ameukumbatia kifuani. Alikaa sana. Mke wa Breki akamsogelea.

"Ni kazi yako?" mwanamke aliuliza.

"Yangu."

"Wangu alikuwa hivihivi. Akirudi kazini akikaa, hivi." Alionesha kwa mkono, mkono ukabaki hewani. "Mwaka huu ndio wa pili hayupo. Picha zake ninazo, lakini kwenye picha zote alikuwa analivuta ndani." Akakisoma kibao kilichokataza kugusa, akakigeuzia mgongo. "Naweza kuligusa?"

"Muulize mwenyewe," mke wa Breki alisema. "Ni yule pale."

Breki alisikia kila neno. Alitazama upande wa mlango kama mtu anayetafuta njia, kisha akatazama viatu vyake.

"Gusa, dada," alisema.

Mwanamke aliweka mkoba sakafuni. Akalaza viganja vyote viwili juu ya kioo, chini kidogo ya kitovu, akafumba macho.

"Lina baridi," alisema.

Breki akaja akasimama upande wa pili wa kibweta, akainama kuangalia taa.

"Usiondoe mikono," alimwambia. "Subiri kidogo tu, litapata joto."